Mtoto wa Baba Peke Yake

Yupo samaki ambaye kromosomu zake zote zimetoka kwa baba. Hakuvuliwa ziwani, amepatikana maabara kwa miale ya urujuanimno, jamaa ya ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho lakini inayounguza ngozi. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, walieleza namna walivyompata, na samaki waliyemtumia ni wa Afrika: sato, Oreochromis niloticus. Njia hiyo huitwa androjenesisi.

Naileta habari hii Katonga kwa makusudi. Kwenye mwalo huu wa Kigoma watu wanaishi kwa dagaa na migebuka, na mbele yao lipo Ziwa Tanganyika lenye aina zipatazo 250 za sikilidi, jamii ya sato, ngege na kuhe, ambazo karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Elimu inayogusa uzazi wa samaki haifai kumalizwa na watu ambao maisha yao hayategemei samaki. Sauti nne zifuatazo nimezitunga mwenyewe ili hoja zigongane waziwazi: mzee MVUVI, MPWA wake, binti aliyesomea vinasaba vya samaki, MAMA anayekausha dagaa, na MFUGAJI, kijana mwenye mabwawa ya sato. Pale ninapoona lazima niseme langu, nitasema.

MPWA: Shikamoo mjomba. Shikamoo mama.

MVUVI: Marahaba, mwanangu. Haya, rudia ulichosema jana. Samaki hana mama? Mimi ngege namjua tangu utoto. Jike hubeba mayai mdomoni, na hata watoto wakishaanguliwa, wakiona hatari anawapokea tena mdomoni. Huyo wenu yai kalitoa wapi?

MPWA: Yai ni la mama, mjomba. Jike aliyeiva tunamkamua mayai taratibu, tunayatandaza kwenye sahani yenye maji, tunawasha taa ya urujuanimno juu yake. Miale inaharibu kromosomu za mama. Shida ni kwamba yai la sato ni kubwa, limejaa chakula, na miale hii haipenyi mbali. Bahati nzuri kromosomu zenyewe zimekaa juu juu, karibu na kitundu ambacho mbegu ya kiume huingilia. Basi sahani inatikiswa muda wote ili kila yai ligeuke, upande ule upigwe.

MVUVI: Na ukipiga sana?

MPWA: Yai linakufa. Ukipiga kidogo, jeni za mama zinabaki vipandevipande na mtoto anatoka kilema. Tena baada ya hapo kazi inafanyika kwenye mwanga hafifu, kwa sababu mwanga wa kawaida huamsha kimeng'enya kinachoziba majeraha ya DNA. Ukifungua dirisha mapema, yai linaanza kujitibu.

MAMA: Halafu mnaleta dume.

MPWA: Tunaleta mbegu zake, mama. Sato wa kawaida ana kromosomu 44, yaani 22 za baba na 22 za mama. Hapa zinaingia 22 za baba, na za mama zimekwisha haribiwa. Kiinitete chenye 22 pekee huanza kukua, kinajikunja, na kinakufa karibu na siku za kuanguliwa. Kwa hiyo tunakitegea wakati. Kiasi cha nusu saa baada ya mbegu kuingia, zile 22 zimeshajinakili na seli iko tayari kugawanyika mara yake ya kwanza. Wakati huohuo mayai yanatiwa kwenye maji ya moto, takriban nyuzi 42, kwa dakika tatu au nne. Joto linavuruga nyuzinyuzi zinazovuta kromosomu kila upande. Seli inashindwa kugawanyika, na 44 zote zinabaki ndani ya seli moja.

MAMA: Kwa hiyo ni doti ya kanga. Vipande viwili, mchoro mmoja.

MPWA: Hasa, mama! Samaki wa kawaida ana kipande cha baba na kipande cha mama, na michoro haifanani. Cha baba kikiwa na tundu, cha mama kinamsitiri. Huyu wetu vipande vyake vyote ni vya baba. Tundu likiwepo, lipo kote kuwili, mahali palepale.

Hapo ndipo pa kutua kidogo. Kila kiumbe anayezaliwa kwa baba na mama hubeba jeni kadhaa mbovu ambazo hazimdhuru kwa sababu ana nakala nyingine iliyo nzima. Samaki wa androjenesisi hana nakala nyingine. Ubovu wote uliojificha kwa baba unajitokeza mara moja. Ukiongeza madhara ya miale yenyewe na ya lile joto, utaelewa kwa nini katika majaribio ya Stirling waliofika kuogelea walikuwa wachache mno kwa kila mia ya mayai. Anayeifikiria njia hii kama kiwanda cha kuzalisha kitoweo amekosea mlango.

MVUVI: Na mama anakuwa ametoka kabisa?

MPWA: Hapana, mjomba. Chakula ndani ya yai ni chake. Maagizo yanayoongoza saa za mwanzo za kiinitete, kabla jeni za mtoto mwenyewe hazijaamka, yaliwekwa na mama. Na kuna mitokondria, vile vijumba vinavyoipa seli nguvu, ambavyo vina DNA yao ndogo. Hivyo vinatoka kwenye yai. Ukimpima samaki huyu, kromosomu ni za baba, mitokondria ni za mama.

MVUVI: Alhamdulillahi. Maana nilikuwa nashangaa.

MAMA: Mimi bado nashangaa. Mungu aliweka wawili. Nani aliwaambia mpunguze?

MPWA: Mama, yapo maumbile yanayofanya hivyo bila sisi. Kuna chaza wa maji baridi, Corbicula, ambao yai lao hutupa nje kromosomu za mama na kubaki na za mbegu ya kiume. Na huku Afrika, kwenye milima ya Tassili n'Ajjer katika jangwa la Algeria, kuna mti adimu, Cupressus dupreziana, ambao kiinitete chake hukua kutokana na chavua peke yake. Mti mama unatoa malezi tu.

MAMA: Mti na chaza wamefanya wenyewe. Ninyi mmewasha taa.

MPWA: Ni kweli, mama. Tumewasha taa.

Sitaki kumjibia Mama. Hoja yake haifutwi na mifano ya maumbile, kwa sababu haulizi kama jambo linawezekana; anauliza ni nani amepewa ruhusa, na kwa haja gani. Basi tuitazame haja.

MFUGAJI: Haja ninayo mimi. Mama, sato akiwekwa bwawani dume na jike, baada ya miezi michache bwawa limejaa vidagaa vya sato. Wanazaana kabla hawajakua, chakula wanakigombania, nikivuna napata samaki wa kiganja. Kila mfugaji anataka vifaranga dume watupu, maana dume hukua haraka na hapotezi nguvu kwenye mayai. Sasa hivi tunawapataje? Vifaranga wanalishwa chakula kilichochanganywa na homoni, methiltestosteroni, kwa wiki tatu au nne za mwanzo, na wale ambao wangekuwa majike wanageuka madume. Anayechanganya dawa ile ni kijana wangu, mara nyingi bila glavu. Na yale maji yanamwagwa wapi? Msiniulize.

MPWA: Ndipo androjenesisi inapoingia. Sato dume ana kromosomu X na Y. Nusu ya mbegu zake zina X, nusu zina Y. Zikijirudufu, unapata majike XX na madume YY. Dume YY hana X ya kutoa. Ukimpandisha kwa jike wa kawaida, watoto ni XY, yaani madume, bila tone la homoni kwa watoto wala kwa samaki anayeliwa.

MFUGAJI: Wote?

MPWA: Karibu wote. Jinsia ya sato huguswa pia na joto la maji na jeni nyingine, kwa hiyo majike wachache hujitokeza. Madume YY tayari walishapatikana kwa njia ndefu zaidi, ya homoni na kupandisha kizazi baada ya kizazi. Chuo Kikuu cha Swansea na wenzao wa Ufilipino walifanya kazi hiyo, na miaka ya 1990 wafugaji wa kule walikuwa wanapata vifaranga. Androjenesisi inafupisha safari: kizazi kimoja.

MFUGAJI: Basi tatizo liko wapi? Serikali yenyewe inahimiza vizimba vya samaki ziwani. Mwaka 2024 kule Mwanza Rais aligawa boti na vizimba kwa mkopo. Na sisi wa Tanganyika tuna maji.

MVUVI: Una maji, lakini hayo maji yana wenyewe. Sato utakayemtia kizimbani utamtoa bwawani. Nyavu zikipasuka siku ya upepo, anakwenda wapi?

MFUGAJI: Mzee, ni madume watupu. Hawazaani.

MVUVI: Hawazaani wao kwa wao. Je, majike wa ngege humu ziwani hawawaoni?

Hili jibu la Mvuvi ndilo zito kuliko yote yaliyosemwa hapa, na sijawahi kuliona likipewa nafasi yake katika maandishi yanayosifu vifaranga dume. Kundi la madume watupu ni salama bwawani palipozungukwa na nchi kavu. Likitoroka na kuingia kwenye maji yenye majike wa jamaa yake, linageuka kundi la wachumba. Ngege wa hapa, Oreochromis tanganicae, ni wa Ziwa Tanganyika peke yake, na jamii hii ya samaki hupandana kwa urahisi kuvuka mpaka wa aina. Ziwa Victoria linatufundisha. Sato aliingizwa kule miaka ya 1950, wakati uleule wa sangara, na leo ngege wa kule, Oreochromis esculentus, amekaribia kutoweka katika ziwa kubwa na kubaki zaidi kwenye maziwa madogo ya jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowashirikisha wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ulionyesha jinsi sato na wenzake wageni walivyosambaa katika mabonde mengi ya mito ya nchi hii.

MPWA: Mjomba kasema kweli. Dume YY ni wa bwawa la nchi kavu, mbali na mto unaoshuka ziwani. Asitiwe kizimbani humu.

MFUGAJI: Unanikata miguu, dada yangu.

MPWA: Mabwawa yako sijayagusa. Nakwambia usiyahamishie ziwani.

MAMA: Mnazungumza sato, ngege, YY. Mimi nina vichanja vya dagaa. Hiyo taa yenu ina nini kwa dagaa?

MPWA: Haina kitu, mama.

MAMA: Hakuna kabisa?

MPWA: Hakuna. Dagaa ni samaki wa kundi, wa maji ya wazi, anayeishi kiasi cha mwaka mmoja na kidogo. Hana ukoo wa kufuga wala yai la kutandaza sahanini. Na kinachompunguza si kukosa baba. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walionyesha kwamba ziwa linapopata joto juu, maji ya juu yanakuwa mepesi na hayachanganyiki vizuri na ya chini. Mbolea ya asili inabaki kilindini, katika ziwa ambalo kina chake kinafika mita 1,470. Vijimea vya kijani vinavyoelea majini vinapungua, na wanaovila wanapungua. Walikadiria uzalishaji wa vijimea hivyo umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichimba matope ya chini ya ziwa, wakasoma mabaki ya samaki humo, wakakuta kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara.

MVUVI: Sasa kwa nini sisi ndio tuliofungiwa uvuvi? Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka 2024, miezi mitatu, ziwa lote.

MPWA: Kwa sababu joto hatuwezi kulifungia, mjomba. Nyavu tunaweza.

MAMA: Nyavu ni zetu, joto ni la nani?

Swali la Mama linastahili kikao chake. Nimeliacha hapa ili isionekane kwamba taa ya maabara inalijibu. Hailijibu. Mtu akija Katonga na kusema vinasaba vitarudisha dagaa, wenyeji wana haki ya kumfungia mlango.

Hata hivyo kuna haja ya tatu, na ndiyo iliyonifanya niandike.

MPWA: Mjomba, nikuulize wewe. Kuhe unamwona kama zamani?

MVUVI: Namwona. Kama zamani, hapana.

MPWA: Kuhe ni miongoni mwa sikilidi wakubwa kabisa duniani, na yupo humu tu. Tuseme siku moja anakwisha. Mbegu za dume zinaweza kugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikakaa miaka na miaka. Si jambo geni nchini. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha, kinahifadhi hivyo mbegu za ng'ombe. Lakini yai la samaki haligandishiki. Ni kubwa, lina chakula na maji mengi, barafu inalipasua. Kwa samaki, tunachoweza kuhifadhi kwa urahisi ni upande wa baba. Njia ya kumrudisha samaki mzima kutoka kwenye mbegu peke yake ni hii tunayoibishania: yai la jamaa wa karibu, miale, mbegu zilizoyeyushwa, joto.

MVUVI: Kwa hiyo mnamgandisha baba mkingoja watoto wafe.

MPWA: Tunamgandisha baba ili wakifa, pawe na pa kuanzia.

MVUVI: Mtaanzia pabaya. Kuhe baba na mama hulinda watoto pamoja. Wanakonda, wanazunguka lile kundi la vitoto, ukipita karibu wanakufuata. Huyo wa chupani atalindwa na nani?

MPWA: Na watu, mjomba, kizazi cha kwanza. Ni hasara, sikatai. Na atakuwa na mitokondria za samaki mwingine, na huenda jeni za kuhe zisielewane na yai lile. Kwa kuhe haya ni matumaini, si kazi iliyokwisha kufanyika.

Nakubaliana na binti huyu, na natamani neno lake lichukuliwe kwa uzito na wenye mamlaka. Faida ya androjenesisi kwa mwambao huu iko kwenye akiba. Vinasaba vya sikilidi wetu vimeshawafaa wengine: mwaka 2014 jopo la kimataifa lilichapisha mpangilio wa DNA ya sikilidi watano wa Afrika, mmoja wao Neolamprologus brichardi wa Ziwa Tanganyika. Sato aliyesomwa katika kazi hiyo alikuwa jike wa ukoo wa Stirling, uliopatikana kwa njia pacha ya hii, ile inayobakiza mama peke yake. Kwa kuwa nakala zake mbili zilifanana, DNA yake ilisomeka kwa wepesi zaidi. Elimu ilichukuliwa, ikawa na manufaa. Akiba ya mbegu ndiyo inayopaswa kubaki huku.

Na akiba hiyo lazima ianze wakati madume bado ni wengi. Dume mmoja aliyegandishwa hana zaidi ya alichopewa na wazazi wake wawili. Kila mtoto atakayetokana na mbegu zake kwa njia hii atakuwa na nakala mbili za jambo lilelile, na kizazi kinachofuata, kikitengenezwa tena hivyo kutoka kwa dume mmoja wa hao, kitakuwa ndugu wasiotofautiana hata kwa jeni moja. Ukoo wa namna hiyo unafaa maabara. Ziwani ugonjwa mmoja unaumaliza. Kwa hiyo wanahitajika madume wengi, kutoka Kigoma na kutoka ng'ambo ya Kongo, Burundi na Zambia, maana samaki wa mawe humu hubadilika kutoka mwamba hadi mwamba. Wanaosafirisha samaki wa mapambo wanalijua hili: Tropheus wa ghuba moja ana rangi ambayo wa ghuba ya pili hana.

MAMA: Na ufunguo wa hilo jokofu atashika nani?

MPWA: TAFIRI wana kituo hapahapa Kigoma, mama. Na nchi nne zina Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, makao yake Bujumbura.

MAMA: Hao ni wa ofisini. Samaki atakayegandishwa atavuliwa na nani?

MVUVI: Na mimi. Basi niwekwe kwenye hiyo kamati, na wewe dada uwekwe. Mbegu isitoke nchini bila mwalo kuambiwa. Na msianze na kuhe.

MPWA: Kwa nini, mjomba? Kuhe ndiye anayejulikana dunia nzima.

MVUVI: Kuhe hufika kwenye maji yenye kina, sato wa huyu kijana hatampata leo. Ngege anakaa mchangani, kwenye midomo ya mito. Ndiye atakayefikiwa kwanza. Wekeni mbegu za ngege safi wangali safi.

MPWA: Hilo sikulifikiria. Ni kweli, akishachanganyika, tutakachogandisha ni mchanganyiko.

MFUGAJI: Na mimi nifanyeje? Ningoje vizimba mpaka mbegu za ngege zikusanywe?

MVUVI: Ungoje.

MFUGAJI: Zikichukua miaka mitano?

MAMA: Sisi tulikaa miezi mitatu vichanja vitupu, watoto wanasoma. Wewe mabwawa unayo.

MFUGAJI: Mama, bwawa moja halilishi nyumba.

MAMA: Najua, mwanangu. Kamwambie huyo mwenye taa akutengenezee YY wa bwawani kwanza.